Dumu Tupu la Bibi Yako

Chumba cha juu, nyuma ya karakana ya baiskeli,
Mtaa wa Daraja la Chini.
Jumapili, tarehe 9, mwezi wa tano.

Mwanangu mpendwa, binti wa mdogo wangu,

Shikamoo yako nimeipokea, na ya mumeo, na ile ya baba yako aliyoituma kwa mkato kama kawaida yake. Marahaba zote tatu. Habari za huko? Natumaini nyote mna afya, na kwamba goti la baba yako limeacha kutabiri mvua. Mwambie ile dawa aliyopewa ni ya kupaka, si ya kupamba kabati. Na yule binti yenu asiyenyamaza, ameanza kusoma au bado anawasimulia walimu?

Mimi sijambo. Bega la kulia limelegea kiasi kwamba sasa nafikia rafu ya juu ya vitabu bila kupanda kiti. Huko juu nilikuwa nimeweka vitabu ambavyo sikuvipenda. Nimevisoma tena na naona viwili vitatu nilivionea. Macho yanadai miwani mipya. Chai nakunywa bila sukari, si kwa amri ya daktari, ni kwa uvivu wa kwenda dukani.

Lipo la huzuni ambalo lazima litangulie. Bi Sindano amefariki mwezi uliopita, usingizini. Utamkumbuka: yule mshonaji wa chini ya ngazi aliyekushonea gauni la mistari ulipokuja kwangu likizo ukiwa darasa la pili, ukakataa kulivua hata kulala. Mimi na yeye tulikimbilia nchi hii siku moja, kwa mtumbwi mmoja, mimi kijana wa kuanza kuota ndevu, yeye mwanamke mbichi, na tangu hapo hatujawahi kuishi mitaa tofauti. Wenzetu waliporudi nyumbani, baba yako akiwemo, sisi wawili tulibaki, kila mmoja na sababu yake. Hakuwa na ndugu huku, kwa hiyo kwenye mazishi nilisimama upande wa wafiwa. Cherehani ameniachia mimi, mtu nisiyeweza kushona kifungo. Nitarudi kwake baadaye kidogo, maana anahusika na jambo uliloniuliza kuliko unavyodhani.

Sasa barua yako. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama.

Nimefurahi kwamba mmepata lile eneo kando ya bwawa, na picha mliyonitumia nimeibandika ukutani juu ya meza. Kayaki naziona, vile vimtumbwi vya mtu mmoja, nyekundu na za manjano. Naona mtumbwi mrefu wa fiba, na zile mbao za kupuliza ambazo mtu husimama juu yake akapiga kafi, zimeegemezwa ukutani kama magodoro ya bweni. Mumeo naye namwona, anatabasamu, ameketi juu ya rundo la maboya ya kuvaa. Hilo tutalizungumza.

Uliniomba mambo mawili: nikwambie sheria za huku zinasemaje kuhusu vyombo vya kupiga kafi, na niwapatie jina la banda lenu la kuvikodisha, kwa kuwa mimi ndiye msomaji wa ukoo. Lakini chini kabisa, kwa mwandiko mdogo uliojibana pembeni, umeandika jambo la tatu, na hilo ndilo lililonisimamisha. Kwamba mumeo anataka kufungua Jumamosi ya kwanza ya likizo, kibali kiwe kimetoka au hakijatoka. Kwamba maboya mliyo nayo yote ni ya saizi moja, ya watu wazima, na watakaokuja wengi ni watoto wa shule. Ulipomwomba asubiri, akakwambia ubao si chombo, ni mchezo, na sheria ya vyombo haiuhusu. Kisha akasema, nanukuu ulivyonukuu: "Ukoo wenu mzima ulivuka mto ule kwa mtumbwi mbovu, bila boya hata moja, na mkafika. Leo mnaogopa bwawa?"

Na baba yako, badala ya kukusaidia, akacheka na kuanza hadithi ya Mama Dumu. Sote tunaijua. Kwamba siku tuliyokimbia, majirani walibeba unga, mablanketi na sufuria, na bibi yako, mama yetu, akabeba dumu la plastiki la mafuta ya kupikia, na ndani ya dumu hamna kitu. Hamna mafuta, hamna maji. Kambini wakambandika jina la Mama Dumu, na kila aliyelemewa na huzuni akachekeshwa kwa jina hilo. Unasema baba yako alipomaliza kusimulia, mumeo alikuwa anafuta machozi ya kicheko, na wewe ukainuka kwenda kuniandikia.

Basi barua hii ndiyo jibu. Wasomee wote wawili baada ya chakula, simu zikiwa zimezimwa.

Haya ya makafi nayajua kwa sababu ya bega. Mtaalamu wa viungo pale hospitali alichoka kunivuta mkono, akaniambia nijiunge na klabu ya kayaki hapa mtoni, mazoezi yatanifaa kuliko mikono yake. Nilidhani ananifukuza kwa adabu. Mwalimu wa klabu tunamwita Sajenti, ingawa hajawahi kuwa askari. Alikuwa mwalimu wa kuogelea wa shule ya msingi, na mpaka leo anaamini kila mtu ni wa darasa la tatu. Siku ya kwanza nilikwenda nimejiandaa kwa mto. Akatupeleka kwenye bwawa la kuogelea, maji ya kifuani.

"Mzee, leo hatujifunzi kwenda," aliniambia. "Tunajifunza kuanguka. Kwenda utakujua mwenyewe."

Nikapinduliwa kichwa chini miguu juu ndani ya kayaki, nikafundishwa kuinama mbele, kuvuta kile kitambaa kinachokufunga kiunoni, na kutoka kama mtu anayevua suruali. Sikumwambia mtu kwamba nilikuwa sijakaa katika chombo chochote cha majini tangu ujana wangu. Nadhani Sajenti aliiona mikono yangu ilivyong'ang'ania ukingo wa kayaki. Alirudi tu akakaza mikanda ya boya langu mara ya pili.

Hapo nikueleze juu ya neno lenyewe. Huku mtoni hakuna anayesema jaketi la kuokolea maisha. Jina hilo ni refu mno kwa mtu anayezama. Wanasema boya. Na unajua vijana wakimwita mtu boya wana maana gani: mjinga. Kwa hiyo kila Jumamosi pale klabuni kuna mtu mzima, mwenye familia na akili zake, anayekataa kuvaa kitu cha kumfanya aelee kwa sababu hapendi kinavyoitwa. Wenzake wako ukingoni wanamsubiri kwa hamu: boya kavaa boya. Usidhani ni jambo dogo. Nimeona watu wakihofia kicheko kuliko maji.

Sheria ya huku haisemi meli wala mashua. Inasema chombo, na inaeleza kwamba chombo ni kitu chochote kinachombeba mtu juu ya maji na kuendeshwa, kwa injini, kwa tanga au kwa mikono. Ubao wa kupuliza umo. Ukiwa ndani ya kamba za eneo la kuogelea unaweza kuuita mchezo. Ukizivuka kamba zile ni chombo, na wewe ni nahodha wake hata kama umevaa kaptura ya maua. Mwambie mumeo kwamba mimi nami nilibisha hivyo hivyo, nikashindwa.

Kila chombo huku kinahitaji kibali cha mamlaka ya mto, na namba yake hubandikwa ubavuni ionekane kutoka nchi kavu. Anayekodisha anatakiwa zaidi: vyombo vyake vikaguliwe kila mwaka, awe na bima, na kila mteja aelekezwe kabla hajagusa maji. Kila aliyemo awe na boya linalomtosha. Mtu mzima sheria inamruhusu kuwa nalo tu chomboni, mtoto lazima alivae. Klabu yetu haikuridhika na hapo. Kwetu, kama boya haliko mwilini, kafi haliji mkononi, uwe nani. Filimbi hufungwa kwenye boya na si kwenye kayaki, kwa sababu ukianguka, kayaki huondoka na filimbi yako. Jua likizama, ni taa nyeupe. Kulewa na kafi ni kosa kama kulewa na usukani. Vyombo vikubwa tunavipisha, si kwa heshima, ni kwa kuwa havina breki. Na pale kwenye ukuta wa kuzuia maji, yanapomwagika kwenda chini, haruhusiwi kusogea mtu, hata bingwa, kwa maana maji ya pale hukuzungusha na hayakuachii.

Hizo ni za huku. Za huko huenda ni tofauti, na usikubali mtu yeyote, hata mimi, akwambie zinafanana. Nenda mwenyewe kwenye ofisi inayosimamia bwawa lenu. Uliza ubao wanauhesabu kuwa nini. Uliza kibali kimekwama mezani kwa nani. Omba wakujibu kwa maandishi, na usiondoke kwa sababu karani amekuangalia vibaya.

Nije kwa mumeo na lile rundo. Boya si kiti. Povu lililomo ndani likikandamizwa kila siku hufa polepole, na kwa nje litaonekana zima. Naona pia mengine mmeyatundika kwenye misumari, juani. Jua linakula mishono. Bi Sindano ndiye aliyenionyesha hilo nilipompelekea boya la klabu ashone mkanda: alivuta uzi mmoja kwa kucha, mshono wote ukafunguka kama bahasha. Yatundikeni kivulini, yapate hewa, na kila mwanzo wa msimu yatieni majini myaone yanavyoelea.

Boya huchaguliwa kwa kilo za mwili, si kwa umri wala cheo. Kilo zimeandikwa kwenye lebo ya ndani. Mvishe mtu, funga mikanda yote, kisha mshike mabegani umvute juu. Likipanda hadi masikioni, si lake. Mtoto akivishwa boya la mtu mzima huchomoka kwa chini, na boya likabaki linaelea peke yake, zuri kwa macho. Ndiyo maana nasema kwa maboya yale ya kwenye picha hamwezi kumpokea hata mtoto mmoja.

Kasheshe ipo kwenye kuuliza kilo. Watu wanadanganya mno. Mke wa mwokaji mikate alitaja kilo za mwaka alioolewa. Sajenti akamtazama juu mpaka chini, akasema, "Dada, mto haukuposi. Taja za leo." Tangu siku hiyo mizani iko mlangoni, na kila mtu anapanda kimyakimya. Nanyi wekeni mizani.

Kuna na hili la kamba, na hapa niwe mwangalifu, maana nimeliona kwa macho. Mbao zile huja na kamba ya kukufunga nazo, ili ukianguka upepo usikunyang'anye ubao ukabaki katikati ya maji unautazama. Kwenye maji yaliyotulia kamba hiyo hufungwa kwenye kifundo cha mguu, na ni sahihi kabisa. Kwenye maji yanayokwenda, hapana. Kwenye mto kamba hushikizwa kwenye mkanda wa kiunoni wenye kishikizo ambacho ukikivuta mara moja kinaachia. Kwa sababu mto ukiinasa kamba mahali, ukiwa umefungwa mguuni, huwezi kuinama dhidi ya maji ukaufikia mguu wako mwenyewe. Jaribu sakafuni, na mtu amekushika mabega, utaona.

Mpangaji mwenzangu wa chini, fundi baiskeli tunayemwita Spoku, alinunua ubao wake mwaka huu. Mtu wa maneno mengi. Boya alilivaa kwa kulazimishwa na Sajenti, akinung'unika kwamba anadhalilishwa mbele ya wateja wake. Mkanda wa kiunoni aliuvaa pia, mbele ya Sajenti. Tulipopita kona na Sajenti asituone, akaufungua kwa kuwa ulimbana tumbo, akahamishia kamba kifundoni. Akataka kuvua na boya. Zipu ikakwama. Fundi wa baiskeli mtaa mzima, na zipu ikamshinda. Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye kayaki, nacheka.

Chini ya daraja la zamani ubao wake ulipita upande huu wa nguzo na yeye akapita upande ule. Ilikuwa imekwisha. Kamba ilishika nguzo, maji yakamlaza, mguu mmoja juu kuelekea nilikotoka mimi na mwili wote chini kuelekea kunakokwenda mto. Alijaribu kujikunja auguse mguu, akarudishwa. Kilichobaki juu ya maji ni uso tu, na uso ule ulibaki juu kwa sababu ya boya alilotaka kulivua. Sikufanya ushujaa. Nilijishikiza kwenye mizizi ya ukingo, nikapiga filimbi, nikaendelea kupiga mpaka Sajenti alipotokea na mtumbwi wa klabu na kisu chake cha ncha butu, akakata kamba.

Spoku alikaa kwenye nyasi, akafungua kipande cha kamba kilichobaki kifundoni. Kisha akasema, "Mzee, leo boya mmoja ameokolewa na mwenzake." Hakuna aliyecheka ila yeye, na yeye hakucheka vizuri.

Ofisa wa mamlaka alikuja kesho yake. Aliuliza namba ya kibali, bima, na nani alimwelekeza Spoku kabla hajaingia majini. Yote yalikuwepo, kwa hiyo Spoku alipewa onyo kali na klabu ikaendelea na kazi. Nilimuuliza ofisa ingekuwaje kama kibali kingekuwa bado kiko mezani kwa mtu. Akasema basi asingekuja yeye, wangekuja polisi, na wangeanza na aliyempa kafi. Mwambie mumeo atafakari hapo. Kwenye banda lenu, mtoa kafi ni wewe.

Nimefika sasa kwenye hoja yake. Anasema tulivuka bila boya hata moja, na tukafika. Mimi nilikuwemo. Yote mawili si kweli.

Asubuhi ile kulikuwa na ukungu. Mtumbwi ulikuwa wa watu wachache na tulipanda wengi, kwa kuwa nyuma hakukuwa na mahali pa kubaki. Baba yako alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Mama aliketi chini karibu na miguu yangu, akalibana dumu kwa magoti, akaweka sikio kusikiliza kama linatoa hewa. Akakaza kifuniko kwa pindo la nguo yake. Kisha akapitisha kamba ya katani kwenye mpini, akaizungusha chini ya makwapa ya baba yako, akafunga fundo kwa nyuma, ambako vidole vyake vidogo havifiki. Alifanya yote hayo taratibu, kama mtu anayemvisha mtoto kwenda shule. Mbele yetu aliketi Bi Sindano na mwanawe mgongoni, amembeba kwa nguo, anavyobebwa mtoto yeyote. Aligeuka akatutazama. Sidhani kama alielewa. Mimi mwenyewe sikuelewa.

Mtumbwi haukupinduka katikati. Ulilala ubavu karibu na ukingo wa pili, watu walipoona nchi kavu na kuanza kusimama. Hilo liwe la kwanza kwenye maelekezo yenu kwa wateja: asisimame mtu mpaka aambiwe. Niliinuka majini nikaona dumu la manjano, na kando yake kichwa kinalia kwa nguvu zote, na mwanamume mmoja wa ng'ambo anakivuta kwa mti mrefu. Kilio kile ndicho kitu kizuri zaidi nilichowahi kusikia. Mwana wa Bi Sindano hatukumpata.

Kwa hiyo hatukufika wote, mwanangu. Na boya lilikuwepo. Lilikuwa moja.

Kambini, siku za mwanzo, mtu mmoja mcheshi alimuuliza mama mbele za watu kwa nini alikimbia na dumu tupu. Bi Sindano alikuwa ameketi pale pale, mikono mapajani. Mama angeweza kujibu kwa maneno machache na kila mtu angemwinamia kwa heshima. Akacheka. Akasema alichanganyikiwa, alidhani lina mafuta. Wakacheka wote, na ndipo jina lilipozaliwa. Akalibeba mpaka kufa, na wewe ulimjua, ulimwona akiitikia.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza kwa nini anakubali kuonekana boya mbele ya watu aliowazidi akili. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho.

"Nikisema lilikuwa la nini," alisema, "yule mwenzangu atajiuliza maisha yake yote kwa nini yeye hakuwa nalo. Waache wacheke. Kicheko hakinipunguzii kitu."

Akaniomba ninyamaze maadamu Bi Sindano yu hai. Nimenyamaza. Nimesikia hadithi ya Mama Dumu kwenye harusi, kwenye ngazi, kwenye simu, na baba yako akiisimulia kwa mbwembwe kuliko wote, na nimecheka panapochekwa. Sasa wote wawili wamelala. Hakuna tena wa kuumizwa na ukweli, na wapo wanaoweza kuumizwa kwa kukosekana kwake, nao ni watoto wa watu watakaokuja kwenu Jumamosi.

Ile alama ya ubavuni mwa baba yako, ambayo hudai aliipata akipigana shuleni, ni ya kamba ya katani. Ilichubua ngozi changa ikiwa imelowa, ikaoza, ikapona vibaya. Mwambie taratibu. Mwambie akiwa ameketi, na mwambie simdai kitu, hakuweza kujua.

Na kwa mumeo, nisomee sentensi hii kwa sauti: mkwe wangu, ukoo wetu haukuvuka bila boya, na mke uliye naye amezaliwa kwa sababu ya lile moja lililokuwepo.

Simsemi vibaya. Najua ana haraka kwa sababu msimu ni mfupi na banda limewagharimu jasho. Lakini likizo hii ikipita, ipo nyingine. Fungueni kibali kikitoka, na maboya ya watoto yakiwa yametundikwa kivulini kwa saizi zake. Hadi hapo, zile kayaki zikae nchi kavu zimetazama juu, hazitaoza.

Kuhusu jina, nilikuwa nimeandaa majina matatu mazuri, ya kishairi kidogo. Nimeyachana. Liiteni Dumu. Mtafuteni mchoraji awachoree dumu la manjano juu ya mlango, kubwa, na kamba kwenye mpini. Kila mteja atauliza, kwa maana hakuna anayeweza kupita chini ya dumu kwenda kukodi kayaki asiulize. Msimjibu hapo hapo. Mjibuni wakati mnamfunga mikanda, mkimaliza ndipo mpeni kafi. Bibi yako alichekwa kwa jina hilo miaka yote. Sasa lifanye kazi aliyolibebea.

Humu ndani nimeweka filimbi yangu, ile ya siku ya nguzo. Ni ya baba yako. Ninamwomba awe anakaa ukingoni siku mtakapofungua, goti lake halihitaji zaidi ya kiti. Aifunge kwenye boya, si kwenye funguo.

Nisalimie mama yako, umwambie kitabu chake kinarudi. Msalimie shangazi yako mdogo na wanawe wote, hata yule aliyeninyang'anya kofia. Mbusu mtoto asiyenyamaza. Mumeo mpe mkono wangu kabla hujamsomea barua, si baada. Na mdogo wangu mshike bega, kwa niaba yangu, ukae naye kidogo.

Mungu awape maji matulivu, na siku yakichafuka yawakute mmefunga mikanda. Mwambieni mchoraji aliandike neno Dumu wazi chini ya picha, kwa herufi za kusomeka kutoka majini, maana bila picha neno hilo ni dua, na ndiyo ninayowaachia.

Dumuni.

Ni mimi, ninayekupenda tangu gauni la mistari,
Baba yako Mkubwa